Shajara ya mradi: picha za samaki wa Tanganyika, mwamba kwa mwamba

Januari

Tumeanza na daftari, kamera baadaye. Mwenzangu ni mzamiaji aliyewakamatia wafanyabiashara samaki wa mapambo kwa miaka mingi hapa Kigoma. Namwita kaka, yeye ananiita mdogo wangu, ingawa hatuna undugu. Mimi nina steshenari pale Mwanga, kompyuta mbili na kamera iliyozeeka vizuri. Tulichokubaliana ni hiki: mkusanyo wa picha mtandaoni wa sikilidi wa Ziwa Tanganyika, wazi kwa mfugaji yeyote, na picha haiingii mpaka ijulikane samaki alitoka wapi. Hata ing'ae vipi, isipokuwa na mahali tunairudisha kwa mwenyewe.

Aliyewahi kufuga Tropheus anajua sababu ya ukali huu. Tropheus ni samaki wa mawe. Anakula mwani unaoota juu ya miamba karibu na ufuko, na akifika penye mchanga mtupu au mdomo wa mto, havuki. Kwa hiyo kila kipande cha mwambao wa mawe kimebaki na ukoo wake: hapa mweusi mwenye mkanda wa manjano, kule mwekundu usoni, mbele kidogo wa kijani kilichofifia. Wakati mwingine wote wana jina moja la kisayansi, wakati mwingine hawajapewa jina lolote. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na nchi nne zinaligawana, na ndani yake wataalamu wanahesabu spishi za sikilidi, yaani jamaa ya perege na sato, zipatazo 240. Karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Ukiwatia kwenye tanki moja Tropheus wa miambao miwili, watazaana bila shida, na watoto watakuwa chotara wasio na kwao. Mfugaji wa Stuttgart au wa Mbezi anayetaka kuepuka hilo anahitaji jina la rasi au la kijiji.

Picha bora za samaki wa Ikola, Kipili na Kasanga, vijiji vya mwambao wetu, zimekuwa zikipigwa Ujerumani, Uswidi na Marekani. Si ajabu. Tangu Pierre Brichard aanze kuwasafirisha kutoka Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1970, samaki hawa wanapanda ndege ndani ya mifuko yenye oksijeni, na kamera zinawasubiri upande wa pili. Sisi wa huku tunatoa samaki. Kaka anasema ameshika mikononi samaki ambao hajawahi kuona picha yao ikiwa na jina la Mtanzania chini yake.

Februari

Mabishano ya kwanza: faili ziitweje? Kaka alitaka kila picha iitwe kwa jina la samaki, ili mtu aione tu na kujua. Nimekataa, na nimemwonyesha mfano wa brichardi, yule mwenye mapezi marefu kama utepe ambaye madukani wanamwita Binti Mfalme wa Burundi. Mtaalamu wa samaki Max Poll alimpa jina la Lamprologus brichardi mwaka 1974, kwa heshima ya huyo huyo Brichard. Mwaka 1985 akahamishiwa jenasi mpya, yaani kundi jipya la spishi za karibu, Neolamprologus. Sasa kuna wataalamu wanaoona kwamba yeye na jamaa yake wa karibu, pulcher, ni spishi moja, na kwa kuwa jina la pulcher lilitolewa mwaka 1952, likikubalika hilo ndilo litakalobaki. Faili iliyobeba jina ingekuwa imebadilishwa mara ngapi hadi leo? Na kila ukibadilisha jina la faili, viungo vyote vilivyokuwa vikielekea kwake vinakufa.

Basi kila picha ina namba ya kudumu inayoanza na KT. Jina la kisayansi linakaa kwenye hifadhidata, mahali linapoweza kurekebishwa bila kugusa picha, na majina ya zamani hayafutwi. Mtu akitafuta kwa jina la 1974 anafika. Kwa tahajia na hadhi ya majina tunafuata orodha ya samaki ya California Academy of Sciences, ile aliyoiasisi Eschmeyer, ili tusigeuke mahakama ya kuamua ugomvi wa watu wa maabara.

Sehemu za kujaza tumezipunguza hadi zile ambazo mtu akiziacha wazi picha inapoteza kazi yake: mahali, aliyepiga, mwaka, jinsia kama inajulikana, umri kwa makadirio, leseni, na kama samaki ni wa ziwani moja kwa moja au ni kizazi cha tankini. Hii ya mwisho wafugaji wanaifuatilia sana. Aliyekamatwa ziwani na mwanawe wa kwanza hawauzwi bei moja, na rangi zao hazilingani kila mara.

Majina ya biashara yana safu yake peke yake. Hatuyapendi, lakini ndiyo watu wanayoandika kwenye kutafuta. Tropheus wa Ikola anauzwa kwa jina la Kaiser. Frontosa, sikilidi mkubwa mwenye nundu kichwani, wale wa bluu wa upande wa Moba na Kapampa bado wanaitwa Zaire, nchi ambayo haipo tangu 1997. Mfugaji hajui hilo wala halimhusu, anataka samaki wa bluu. Tumemwachia neno lake, ila akifungua picha anakuta jina la kijiji, na nchi imeandikwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Machi

Kitanki cha picha kimekamilika. Fundi vioo wa mjini alitushangaa tulipomwagiza tanki jembamba hivyo, akauliza samaki atageukia wapi. Ndiyo maana yake: asigeuke. Ndani kuna kipande cha kioo kinachosogezwa taratibu mpaka samaki abaki na nafasi ya kuelea karibu na kioo cha mbele bila kubanwa. Nyuma tumeweka karatasi ya kijivu. Nyeusi inapendeza zaidi machoni lakini inameza mapezi ya samaki weusi, na huku weusi ni wengi.

Maji ni ya ziwa, yaliyochujwa. Ya bomba hapana, maana samaki hawa wamezoea maji magumu yenye pH ya karibu 9. Pampu inazimwa kabla ya kupiga ili mapovu yasitoke kama nyota. Flashi moja inatoka juu, imefunikwa karatasi ya A4 ili mwanga usichome, na lenzi inatazama kioo kwa pembe kidogo ili flashi isijirudie. Tumesimama kwenye tundu la lenzi la f/11 na sekunde 1/160. Ukifungua lenzi zaidi ya hapo, jicho linaonekana na mkia unapotea.

Kisha ni kungoja. Samaki aliyetolewa kwenye ndoo sasa hivi amepauka kwa woga, na picha yake ni uongo japo hakuna aliyedanganya. Kaka ana subira kuliko mimi. Anakaa pembeni na chai yake na kuniambia, "Bado, mdogo wangu, bado," hadi mistari irudi. Cyprichromis ndiye msumbufu wa wote. Huyu ni wa maji ya wazi, anatembea kwa makundi makubwa, na akishtuka anaruka. Kwa ajili yake kitanki kina kifuniko cha wavu.

Aprili

Mvua. Umeme unakatika jioni, saa ile ile niliyoitenga kupakia picha. Nimetumia mwezi kuzipunguzia uzito. Picha halisi inabaki ilivyo kwenye diski, lakini anayefungua mkusanyo anaona kwanza kijipicha chepesi, halafu picha ya kati, na ile kubwa anaipata akiiomba mwenyewe. Wengi wanaingia kwa simu na bando la kupima. Mtu asimalize bando kwa kutazama pezi.

Mei

Ruhusa. Nilidhani hii ndiyo itakuwa kazi nyepesi, imekula mwezi mzima.

Wafugaji wa nje wana picha nzuri za miaka mingi, na wengi wameitikia kwa ukarimu. Tatizo ni namna ya kuitikia. Mtu anaandika "tumia tu, hakuna shida", nasi tunalazimika kumrudia na kumweleza kwamba "tumia tu" haituwezeshi kumruhusu mwalimu wa Sumbawanga achapishe picha hiyo kwenye bango la darasani. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kama ilivyo kwingi duniani, picha ni mali ya aliyeipiga mpaka yeye mwenyewe aseme vinginevyo. Kwa hiyo tunaomba leseni ya Creative Commons inayotaka jina la mpigaji litajwe na kazi inayotokana nayo itolewe kwa masharti yale yale. Asiyeitaka tunamshukuru, tunaachana naye salama. Wapo waliokubali kutoa picha ndogo na kubaki na kubwa. Hilo nalo tumelipokea.

Picha zilizokatwa ukingoni ili kuficha alama ya mwenyewe hatupokei, na aliyeleta mara moja tunakagua zote alizoleta kabla ya hapo. Programu ya kulinganisha picha zinazofanana imesaidia sana. Inakamata ile ile iliyogeuzwa kichwa upande wa pili au kupunguzwa ukubwa, kitu ambacho jicho langu lisingekiona saa nne usiku.

Juni

Upepo wa kusini umeanza na ziwa limechafuka, kaka hazami mara kwa mara. Muda mzuri wa kubishana kuhusu upande.

Desturi ya wataalamu wa samaki ni kupiga ubavu wa kushoto, kichwa kikielekea kushoto mwa picha. Tuliifuata toka mwanzo kwa sababu inarahisisha kulinganisha: ukipanga brichardi na pulcher pamoja, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha shavu, ambako brichardi ana alama inayofanana na herufi T iliyolala na pulcher ana mikunjo miwili iliyosimama. Mmoja akitazama kulia na mwingine kushoto, kazi inakuwa mara mbili.

Halafu akaja Perissodus microlepis akaivunja kanuni. Huyu chakula chake ni magamba ya samaki wenzake. Anamjia mwenzake kwa nyuma, anamng'ata ubavuni, anaondoka na magamba. Na mdomo wake umepinda: wapo waliopinda kulia, wapo waliopinda kushoto. Mwenye mdomo wa kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, mwenye wa kushoto hushambulia wa kulia. Mjapani Michio Hori alionyesha mwaka 1993 kwamba idadi za makundi hayo mawili zinapanda na kushuka kwa zamu kuzunguka nusu kwa nusu, kwa sababu wale waliozidi ndio ambao windo limekwisha kujihadhari nao. Picha ya ubavu wa kushoto peke yake haielezi lolote katika haya. Perissodus sasa ana picha tatu za lazima: kushoto, kulia na uso kwa mbele. Ya mbele ndiyo inayopendwa kuliko zote, kila aliyeiona amecheka kwanza.

Rula nayo imeingia mwezi huu. Lamprologus callipterus dume huokota makombe ya konokono Neothauma kwa mdomo, akayarundika, na majike huingia kutaga humo. Jike lazima atoshe ndani ya kombe, dume lazima aweze kulibeba. Matokeo yake dume humzidi jike uzito mara 12 au zaidi. Ukiwaweka kwenye picha mbili zenye ukubwa sawa bila kipimo, mfugaji mgeni anaona mke na mume wanaolingana, ananunua tanki lisilowafaa.

Julai

Tumeanza kukataa picha zilizokolezwa rangi. Simu za siku hizi zinakoleza zenyewe bila kuulizwa, kwa hiyo simlaumu kila mtu. Kipimo chetu ni jiwe. Kama mawe ya nyuma, ambayo ni ya kijivu na kahawia, yamegeuka bluu, basi samaki naye si huyo. Muuzaji mmoja alikasirika sana tulipomrudishia picha zake. Samaki wake ni wazuri kwelikweli, hawakuhitaji msaada ule.

Suala la umri limejileta lenyewe kupitia Tropheus duboisi. Mtoto wake ni mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima, mzuri ajabu, na ndiye anayeuza. Akikua, madoa yanaondoka yote, kichwa kinakuwa cha bluu na mkanda unazunguka mwili, mpana wa manjano kwa wale wa Maswa, ya huku ziwani. Tumeletewa watoto hao wakiwa wameandikwa kuwa spishi nyingine. Na tumeandikiwa na mnunuzi wa Dar aliyeamini samaki wake wanaumwa kwa kuwa "nyota zinafutika". Kwa duboisi tumeamua kuweka mfululizo: mtoto, kijana, mtu mzima, kwa samaki yule yule ikiwezekana. Mfugaji mmoja wa Uswisi amejitolea kuwapiga wake kila baada ya muda mpaka wakue. Hii itachukua muda, nayo haina njia ya mkato.

Agosti

Orodha ya mahali. Nimeifurahia kuliko kazi zote, na ndiyo ambayo wa nje wasingeweza kuifanya bila sisi.

Majina ya vijiji yamesafiri na samaki, yakaandikwa kwa masikio ya watu wa mbali. Kalilani ya kule Mahale imekuwa Karilani kwa wafugaji wote wa Ulaya, na sasa imeshika hivyo kiasi kwamba ukiandika Kalilani hawakuelewi. Majina mengine kaka ameyatazama akatikisa kichwa: hakuna pahali hapo, ni jina alilobuni mnunuzi ili mshindani asijue samaki wanatoka wapi. Anayajua kwa sababu alikuwepo kwenye boti.

Tumekaa na manahodha mwalo wa Kibirizi, na wengine Ujiji, tukiwa na ramani iliyochapishwa kubwa. Rasi kwa rasi, wametaja. Mzee mmoja alichukua kalamu mkononi mwangu na kuhamisha kijiji chote upande wa pili wa mto, kisha akaniangalia kuona kama nitabisha. Sikubisha. Kila mahali sasa pana jina linalotumiwa na wakazi, tahajia nyingine zote zilizowahi kutumika kibiashara, na maelezo mafupi ya ufuko: mawe makubwa, mawe madogo, mchanga, makombe. Yale ya kubuni yanabaki kwa kutafutia tu, yakiwa na alama kwamba mahali halisi hapajathibitishwa.

Septemba

Tumepokea ombi la alama kamili za GPS za Tropheus fulani wa upande wa kusini, kutoka kwa mtu anayesema ni mtafiti. Barua haikuwa na chuo wala anwani ya ofisi. Tumekataa.

Hata bila ombi hilo tulikuwa tumekwisha kuamua: umma unaona rasi au kijiji, alama kamili zinabaki kwenye diski isiyounganishwa na mtandao, na programu inafuta zile zinazojificha ndani ya faili la picha kabla halijapakiwa. Kamera na simu huziandika kimyakimya, na wengi hawajui. Samaki asiyevuka mchanga, anayeishi kwenye kipande kimoja cha mawe, anaweza kumalizwa na timu moja ya wazamiaji wenye nyavu kwa msimu mmoja. Kaka ndiye aliyekuwa mkali hapa, kwa sababu ameona mawe yaliyobaki matupu. Mtafiti wa kweli ana njia: aje na kibali, apitie TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Kigoma, tutakaa naye.

Na picha za samaki waliokamatwa ndani ya mipaka ya hifadhi za Gombe au Mahale hatupokei kabisa. Zilizopigwa chini ya maji, samaki akiwa kwake, na mpigaji akiwa na ruhusa, tunazipokea kwa mikono miwili.

Oktoba

Matengenezo tu. Diski moja ilianza kulia, imebadilishwa kabla haijafa. Nakala tatu: moja steshenari, moja nyumbani kwa kaka Katonga, moja kwenye seva ya mbali. Gharama ya seva tunaigawana, na wafugaji wawili wa nje wamejiunga kuchangia bila kuomba jina lao liwekwe popote.

Frontosa wamepangwa upya. Tangu wataalamu wa Kijapani Takahashi na Nakaya walipotenganisha wale wa kusini mwaka 2003 na kuwaita Cyphotilapia gibberosa, watu wanawagawa kwa kutazama rangi. Rangi haitoshi. Alama mojawapo iliyotajwa ni safu za magamba kati ya mistari miwili ya ubavuni, ile ya hisia, si ya rangi: tatu kwa gibberosa, mbili kwa frontosa. Maana yake picha lazima iwe kali kiasi cha kuhesabika gamba. Zile zisizohesabika zimebaki na jina la jenasi pekee, hata kama mwenyewe ana uhakika. Wale wa hapa Kigoma wenye mistari saba tumewaandika Cyphotilapia, mahali Kigoma, basi. Kuna aliyelalamika kwamba tunawashusha hadhi samaki wake.

Novemba

Mvua zimerudi na maji karibu na midomo ya mito yamekuwa chai ya maziwa. Kuzama kumesimama upande huu.

Yaliyobaki mezani: picha za Kabwe na Wampembe, ambako hatuna karibu chochote zaidi ya samaki wa tankini. Nahodha mmoja anayekwenda kusini ameahidi kumchukua kaka na kitanki, mafuta tutachangia. Kuhe, yule mkubwa tunayemla kwa ugali, bado hana picha ya heshima kwa sababu hakuna kitanki kitakachomwenea. Itabidi apigwe mwaloni asubuhi, juu ya kitambaa chenye maji, rula pembeni, kabla mama muuza samaki hajamkata. Nimeshaongea naye. Amesema nipige haraka na nimnunue.

Sanduku la picha ambazo hazijathibitishwa limejaa kuliko nilivyopenda. Kuanzia wiki ijayo kaka analipitia kila Jumamosi mchana, na kila atakayoshindwa kuitambua inawekwa wazi ikiwa na alama ya kuuliza, ili mwenye kujua aseme.